Siku Bibi Alipochemsha Mawe

Nikifungua mfuniko wa chujio la tangi langu la samaki, inanijia harufu ambayo mume wangu anasema ni ya mtaro. Mwacheni. Hajui kitu. Ni harufu ya udongo uliopigwa na mvua ya kwanza, yenye ubaridi ndani yake, na kwa mbali harufu ya majani yaliyolala kivulini muda mrefu. Chujio likinuka hivyo, moyo wangu unatulia. Likinuka usafi, nauliza kwa ukali nani ameligusa, na hapo hata mume wangu hujua kukaa mbali.

Ninayo sababu. Leo nawaandikia, maana kila nikiisimulia kwa mdomo watu wanacheka kabla sijafika mwisho, nami nakasirika naiacha njiani.

Nilikuwa na miaka tisa hivi, tukikaa Tunduma, mtaa ambao kutwa unasikia breki za malori zikipumua kwenye foleni ya mpakani. Baba alikuwa dereva wa lori. Alikata Zambia yote kupeleka mizigo Kongo, akirudi mwekundu kwa vumbi hadi kope. Mama aliuza vitenge sokoni, na alikuwa na mdomo, mama yangu! Hata wale wateja wa kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, waliozoea kubishana bei mpaka jua linazama, kwake walisema "Awe, Mayo," yaani la, mama, wakacheka, wakafungua pochi.

Tangi lenyewe baba alilitoa Dar es Salaam, limefungwa katikati ya magodoro. Mama alipoliona lile sanduku la kioo linashushwa mlangoni alisimama, akashika kiuno, akauliza, "Haya, na sisi tutahamia wapi?" Samaki waliletwa baadaye kwenye ndoo yenye mfuniko, kutoka Ziwa Tanganyika upande wa Kasanga. Wengi walikuwa vijisamaki vya njano visivyotulia. Mmoja alikuwa mkubwa, mwenye milia myeusi na nundu kwenye paji la uso. Huyo baba alimwita Utingo, kwa sababu alimfuata baba kila alikosogea, sawasawa na utingo wake wa kwenye lori. Baba akihamia kiti cha dirishani, na Utingo naye huyoo, anahamia upande wa dirisha.

Chujio tulilitengeneza wenyewe, mimi na baba. Ilikuwa ndoo ya plastiki iliyokaa juu ya kabati, pampu ndogo ikipandisha maji kutoka tangini, yakapita ndani ya ndoo na kurudi kwa mpira yakilialia. Kazi kubwa ilikuwa mawe. Baba aliyaokota njiani karibu na Mbeya, yale mepesi ya kusugulia miguu, akajaza nusu gunia. Tulikaa uani tukachagua moja moja. Alinifundisha kulishika jiwe juani, kulitazama matundu yake, kulinusa, kuligonga na mwenzake. Lililo laini alilitupa. "Hili halina vyumba," alisema. "Wapangaji watalala wapi?"

Wapangaji. Hivyo ndivyo alivyonieleza. Kwamba ndani ya vitundu vile huja kuishi viumbe wadogo mno, hawaonekani, na kazi yao ni kula ile sumu inayotoka kwenye mavi ya samaki kabla haijawaua. Wao hawaji siku moja. Wanahamia taratibu, mmoja anamwita mwingine, mpaka mawe yanakuwa na utelezi wa kahawia na ile harufu ya mvua. Mawe yenyewe mwanzoni yalielea, kwa hiyo tukayaloweka kwenye beseni, na kila asubuhi nilikimbia uani kabla ya kunawa uso ili nione nani amezama.

Kisha tukapanga. Sponji ngumu tuliyokata kwenye godoro kuukuu ikatangulia pale maji yanapoingia, ili idake matope. Mawe yakafuata. Pamba laini ya mto ikakaa mwisho. Baba alinikaririsha mpaka nikawa nasema hata nikiwa nafua soksi: "Chafu kwanza, hai katikati, laini mwisho." Na sponji ile na mawe yale yaoshwe kwa maji yaliyotoka tangini tu, yachovywe na kutikiswa, basi. "Ukiwamwagia maji ya bomba umewafukuza," alisema. "Ukiwamwagia ya moto, umewachomea nyumba."

Mama alipita pale akasonya. "Watoto wa wenzangu wanachunga mbuzi. Wa kwangu anachunga uchafu."

Safari ninayotaka kuwasimulia, baba aliondoka mwanzoni mwa kipupwe, asubuhi ya baridi ile ya Tunduma inayokufanya uone pumzi yako. Mama alikuwa mlangoni ameshika koti lake. Baba alichuchumaa mbele ya tangi, akagonga kioo kwa ukucha, Utingo akaja. Akaniambia, "Neema, nakuachia huyu. Ukimwona Utingo ni mzima, ujue na mimi huko niliko ni mzima. Usihangaike na simu." Alisema akicheka, namna watu wazima wanavyowarushia watoto maneno wakiwa wanatafuta viatu. Mimi sikucheka. Niliyapokea maneno yale nikayaweka.

Siku zikapita, simu yake haikupatikana. Mwanzoni hatukujali, maana huko ndani mtandao hupotea. Halafu habari zikafika kwenye maegesho ya malori, na kutoka huko zikafika sokoni, na kutoka sokoni zikaja nyumbani zimekaa usoni kwa mama. Huko mbele, barabarani, kumetokea vurugu. Kuna malori yamechomwa. Ya nani? Hakuna aliyejua. Mmoja anasema mawili, mwingine anasema msafara mzima.

Mama aliacha kusonya. Alikula amesimama. Simu ikiita aliidaka kabla haijamaliza mlio wa kwanza, akisikia ni mteja wa kitenge alijibu kwa sauti ya upole ambayo ilinitisha kuliko ukali wake wote. Mimi nilihamishia kigoda changu mbele ya kioo. Nilimhesabia Utingo pumzi. Nilimwangalia mapezi, macho, rangi ya milia. Jioni mama akirudi nilimpa taarifa: "Baba mzima. Nimemwangalia." Alinisogeza kutoka kwenye kigoda, akasema, "Nenda kale."

Ndipo Bibi akaja. Bibi mzaa baba, kutoka kijijini Ndalambo, bila kutuma neno. Ilikuwa Jumamosi, mama yuko sokoni. Aliteremka kwenye pikipiki na gunia la unga, maharage, chumvi ya Ivuna aliyoifunga kwenye kitambaa, na sufuria kubwa ajabu, ile ambayo kijijini huibeba watu wawili.

"Mke mwenza, hujambo?" alinisalimia, kama alivyonitania siku zote. Lakini hakucheka.

"Sijambo, shikamoo Bibi. Mbona sufuria kubwa hivyo? Kuna harusi?"

"Marahaba. Chukua dumu ukateke maji."

Mnaoijua Tunduma mnajua foleni ya maji. Nilikaa kisimani mpaka miguu ikafa ganzi. Niliporudi, sikuitambua nyumba yetu. Viti vyote vilikuwa nje, vimepangwa ukutani. Meza nje. Kabati la vyombo nje. Mapazia yamevuliwa. Sebule ilikuwa tupu, imepigwa deki, na sakafuni imetandikwa mikeka ukuta hadi ukuta. Kilichobaki ni tangi tu na kabati lake, nadhani kwa sababu hakuweza kulinyanyua. Bibi mwenyewe alikuwa uani, kanga kiunoni, ameinamia ile sufuria kubwa juu ya mafiga. Ilikuwa inatokota, na ndani yake kitu kilikuwa kinagonga, gwa, gwa, gwa.

Nilichungulia. Mawe yetu.

"Yalikuwa na utelezi!" Bibi alisema kwa uchungu kabisa. "Mama yako anakaaje na kitu kinanuka hivi sebuleni, na watu wanakuja? Nimeyasugua kwa chumvi, sasa yanachemka. Sabuni sikutia. Najua samaki hali sabuni." Hilo la sabuni alilisema kwa kujisifu kidogo.

"Bibi, umewachomea nyumba!" nilipiga kelele. "Umewaua wote!"

"Nimemuua nani, we mtoto?"

Ningemweleza nini? Kwamba kulikuwa na wapangaji wasioonekana? Alidhani nimechanganyikiwa kwa kumkumbuka baba yangu, akanivuta kwenye kanga yake, akanibana humo kwa nguvu. Kisha akayaepua mawe, akayapoza, akanipangia chujio kwa mikono yake, kama walivyokuwa wakichuja maji ya kisima kule kwao: pamba juu kabisa, chini yake mkaa aliouponda, mawe mwisho. Sponji aliifua ikawa nyeupe. Tangi akalijazia maji mapya ya dumu nililoleta. Na maji, jamani, yaling'aa! Hayajawahi kung'aa vile tangu tangi liingie nyumbani. Bibi alirudi nyuma akayaangalia, akafuta jasho. "Ona sasa," alisema.

Mama alirudi jua likiwa bado lipo. Alifika uani, akaviona viti. Akatembea polepole hadi mlangoni, akaiona mikeka. Akaiona ile sufuria. Furushi la vitenge likamponyoka begani, hakuliokota.

"Mama," alimwambia Bibi, "umeletewa habari?"

"Sijaletewa, mwanangu. Ndiyo sababu nimekuja."

"Basi viti virudi ndani."

"Mama Neema, watu wakianza kuingia hapa..."

"Viti virudi ndani, Mama."

Kwetu mkwe hajibiwi. Mama yangu, pamoja na mdomo wake wote, mbele ya Bibi aliongea akiwa amepiga goti na macho chini. Siku ile alisimama wima akamtazama usoni. Niliona mkono wa Bibi ukipanda mdomoni. Kisha mama akageuka, akabeba viti viwili kwa mpigo, akaviingiza, akarudi kuchukua vingine, akivibamiza miguuni mwake bila kujali. Meza aliiburuta peke yake. Mimi nilibeba mto wa kiti. Bibi hakusaidia, wala hakuzuia. Alikwenda akaketi kwenye mkeka mmoja uliobaki, katikati ya viti vyetu, akanyoosha miguu, akakaa hapo mpaka wakati wa chakula.

Mimi nililia kwa sababu ya mawe. Nilidhani na mama alikasirika kwa sababu ya mawe.

Kesho yake maji hayakuwa na tatizo. Kesho kutwa yake yakaanza kufifia, ukungu mweupe umekaa ndani yake. Nikafungua ndoo nikanusa: hakuna kitu. Wale wa njano wakapanda juu, midomo imetoka, wanatafuna hewa. Na Utingo akajificha pembeni chini, amelalia ubavu kidogo, mashavu yanafunguka na kufunga haraka haraka, milia yake imepauka.

Nilikimbia sokoni bila viatu. Sikumbuki nilipita wapi. Nilimkuta mama anamkatia mtu kitenge, nikamshika mkono wenye mkasi, nikasema mbele za watu, "Baba anakufa."

Mama aliganda, mkasi hewani. "Nani amekwambia?"

"Utingo. Hapumui vizuri."

Nilitegemea kofi. Angekuwa mama wa siku nyingine, ningelipata, na la haki. Lakini aliweka mkasi chini, akamwomba jirani amwangalizie meza, akanishika mkono. Tulikwenda mbio. Mtu mzima, mama wa watu, anakimbia katikati ya mji amekunja gauni!

Nyumbani alipiga magoti mbele ya tangi, mara ya kwanza maishani mwake. "Nieleze," alisema. "Baba yako alikuwa anafanyaje? Polepole. Usilie, nieleze."

Nikamweleza yote: wapangaji, vyumba, sumu, harufu ya mvua. Hakucheka hata chembe. Alimwaga mkaa wote nje. Akatoa pamba, akatoa mawe, akayapanga kitambaani. Meupe pe, yamekufa. "Hakuna hata mmoja aliyebaki?" aliuliza. "Fikiri, Neema. Popote."

Nilifikiri mpaka kichwa kikauma. Kisha nikakumbuka kile kipande kidogo cha sponji ambacho baba alikivalisha mdomo wa pampu, kule chini nyuma ya jiwe kubwa, ili isimeze vijisamaki. Bibi hakukiona. Mama aliingiza mkono hadi kwapani, gauni likalowa, akakitoa. Kilikuwa cheusi, kinateleza. Alikipeleka puani.

"Mvua," alisema.

Tuliyaweka mawe kwenye beseni la maji ya tangi, mama akakikamua kile kipande juu yake, polepole, akiyageuza mawe moja moja ili kila moja lipate tope. Aligusa uchafu ule kwa vidole vya mtu anayepaka mtoto mafuta. Nikawa nasema, naye anarudia: chafu kwanza, hai katikati, laini mwisho. Nilipoinua kichwa nilimwona Bibi amesimama nyuma yetu, amekuja bila kusikika. Nilidhani atatusema. Akauliza tu, "Yanahitaji maji mengine?"

"Yanahitaji, Mama," mama alijibu. "Lakini maji mapya yakae kwanza kwenye ndoo nyingine mpaka kesho."

Bibi akachukua dumu, akaenda foleni mwenyewe, na mgongo ule wake.

Zilikuwa siku mbaya. Tulipunguza maji na kuongeza yaliyotulia, asubuhi na jioni. Samaki tuliwanyima chakula, wasiongeze uchafu. Wa njano walikufa, mmoja baada ya mwingine, na mama aliwatoa kabla sijaamka, akidhani sijui idadi. Simu ya baba ilikuwa kimya. Majirani walianza kupita "kutusalimia tu," wakaketi kwenye viti vyetu, wakaangalia miguu yao. Mama aliwapa chai, akawaambia mume wake yuko safarini. Utingo alibaki pembeni. Nilikataa kwenda shule, na hakuna aliyenilazimisha.

Simu iliita alasiri moja, namba ngeni ya Zambia. Mama aliitazama, kwa mara ya kwanza akaiacha iite. Bibi akasema, "Pokea, mwanangu." Akapokea. Nikasikia sauti ya baba, ndogo, inapasuka pasuka. Walikuwa wamekimbilia kijijini na madereva wenzake, simu zimeporwa, lori limeungua, yeye mzima. Mzima!

Bibi alijilaza sakafuni palepale, akalia kwa sauti mpaka majirani wakaja mbio wakidhani mambo yameharibika. Mama hakulia. Aliiweka simu mezani, akaenda kwenye kabati, akafunua ndoo ya chujio, akainamisha uso ndani. 

"Neema, njoo unuse," alisema. "Imerudi."

Baba alirudi amekonda, na koti la mtu mwingine. Alipokwisha kukumbatiwa alifungua chujio, kama nilivyojua atafanya. "Nani ameosha mawe yangu?" aliuliza. Tukatazamana, sisi wanawake watatu. Bibi akasema, "Yalikuwa yananuka," na baba akacheka hadi akaketi kwenye kiti cha dirishani. Utingo alikuwa ameshamfuata hadi upande wa dirisha.

Kwa miaka mingi niliisimulia hivyo, kisa cha bibi aliyepika mawe, na watu wakacheka, nami nikacheka nao. Mpaka Bibi alipofariki. Tulifika Ndalambo asubuhi, mimi nikiwa mtu mzima, na nilipokanyaga uani nikasimama. Viti vilikuwa nje, vimepangwa ukutani. Mapazia yamevuliwa. Sebule tupu, mikeka ukuta hadi ukuta. Na juu ya mafiga ilikuwa sufuria ile ile kubwa, inatokota, ikisubiri waombolezaji.

Ndipo nilipoelewa Bibi alikuja Tunduma kufanya nini. Aliichukua sufuria, akaacha shamba lake, akaja kumwandalia mwanawe msiba, na hakuwa na mtu wa kumwambia ila kitoto kinacholilia mawe. Nikaelewa na mama alikataa nini pale mlangoni.

Nilimkuta mama ndani, amebakiza viti viwili vya kutoa. Nilimwambia nimekumbuka siku ile. Hakuniuliza ni ipi.

"Nilimsikia baba yako akikwambia maneno yale," alisema. "Nilikuwa mlangoni nimeshika koti. Nikayadharau, nikasema, huyu anamdanganya mtoto. Lakini ulipokuja sokoni bila viatu, Neema..." Akapangusa kiti kwa kiganja ingawa hakikuwa na vumbi. "Samaki yule angekufa, mimi ningemwacha Mama atandike mikeka."

 Mama akanipa kiti kimoja, akabeba kingine. Tukavitoa nje.